Vitamini D na ugonjwa wa MS: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kanda ya Ziwa

Maswali haya nimeyasikia kwenye mabenchi ya kliniki, baada ya ibada, ndani ya kivuko cha Kamanga, na zaidi ya yote sebuleni kwetu, tangu dada yangu alipoambiwa ana MS. Mengi yalikuja na jibu lake kabisa: "Mwambieni aote jua." Mimi si daktari. Ni mtu ambaye kwa ajili ya mgonjwa wake amesoma kila alichokipata, na alipokwama akauliza wanaojua. Dozi ya mgonjwa wako ataipanga daktari wake. Hapa utapata yale yanayojulikana, ili ukifika mbele ya daktari uwe na la kumuuliza.

## Mambo ya msingi

1. MS ni ugonjwa gani?

Jina lake kamili ni maltipo sklerosisi, yaani makovu mengi magumu. Makovu hayo yako kwenye ubongo, kwenye uti wa mgongo na kwenye neva za macho. Kinga ya mwili, ambayo ingepaswa kupambana na vijidudu, inageuka na kushambulia mayelini, utando wa mafuta unaozunguka nyuzi za neva na kuziwezesha kupeleka taarifa kwa kasi. Utando ukiharibika, taarifa huchelewa au hupotea njiani. Dalili hutegemea ni sehemu gani imeshambuliwa: jicho moja kupata ukungu, ganzi, miguu kulegea, kuyumba, mkojo kugoma au kutoka bila taarifa, na uchovu ambao usingizi hauumalizi.

Daktari Jean-Martin Charcot wa Paris aliueleza kwa utaratibu mwaka 1868, kwa hiyo si ugonjwa uliozuka juzi. Mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 20 na 40, na wanawake wanaupata mara mbili au zaidi ya wanaume. Hauambukizi. Kwa wagonjwa wengi huja kwa mashambulio: siku au wiki kadhaa za dalili, kisha nafuu, kisha shambulio jingine baada ya miezi au miaka. Hiyo nafuu ndiyo inayodanganya familia. Dada yangu alianza na ukungu kwenye jicho la kulia, likimuuma kila akiligeuza. Lilipopona tukashukuru Mungu tukasahau, hadi mwaka uliofuata miguu ilipokataa kupanda ngazi.

2. Vitamini D inatoka wapi?

Sehemu kubwa inatoka kwenye ngozi yako mwenyewe. Ndani ya ngozi kuna kemikali ya jamii ya kolesteroli. Mionzi ya jua ya aina ya UVB ikiipiga, inageuka kuwa vitamini D. Ini linaibadilisha mara ya kwanza, na hiyo ya ini ndiyo inayopimwa maabara. Figo zinaibadilisha mara ya pili na kuifanya homoni yenye nguvu. Kiasi kidogo kinatoka kwenye chakula (soma swali la 9).

Kazi yake inayojulikana zaidi ni kuusaidia mwili kunyonya kalsiamu. Mtoto anayeikosa sana mifupa yake hulainika na anaweza kupata matege. Lakini chembe za kinga ya mwili nazo zina vipokezi vya vitamini D, na katika maabara imeonekana ikituliza zile chembe kali zinazohusishwa na MS. Hapo ndipo habari hizi mbili zinapokutana.

3. Nani wa kwanza kuhusisha jua na MS?

Ilianzia kwenye ramani. Katika karne ya 20 watafiti waliona kwamba kadiri unavyokwenda mbali na ikweta, ndivyo wagonjwa wanavyoongezeka: wachache katika nchi za joto, wengi Skotlandi, Skandinavia na Kanada. Mwaka 1974 mwanasayansi P. Goldberg akapendekeza kwamba kinachopungua kule kaskazini ni vitamini D, kwa sababu majira ya baridi jua huwa chini mno na mionzi ya UVB haifiki ardhini ya kutosha. Norwe ikaongeza kidokezo kingine: watu wa pwani, wala samaki wenye mafuta, walionekana kuugua kidogo kuliko wa bara.

Ramani peke yake haithibitishi kitu. Ushahidi mzito zaidi ulikuja mwaka 2006, kutoka kwenye damu iliyohifadhiwa ya wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 7. Watafiti walichukua sampuli za wanajeshi 257 waliokuja kuugua MS wakazilinganisha na za wenzao wazima. Miongoni mwa wazungu, waliokuwa na vitamini D nyingi zaidi kabla ya kuugua walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 62 kuliko waliokuwa nayo kidogo zaidi. Miongoni mwa weusi uhusiano huo haukuonekana wazi. Shika hilo, tutalirudia katika swali la 8.

Mwaka 2015 ukaja ushahidi wa namna nyingine. Kuna watu waliozaliwa na vinasaba vinavyowafanya wawe na vitamini D kidogo maisha yao yote, na ikaonekana wana hatari kubwa zaidi ya MS. Mtu hachagui vinasaba, kwa hiyo hapa huwezi kudai kwamba ni ugonjwa uliomfungia ndani ndio ulioshusha vitamini yake.

4. Kwa hiyo upungufu wa vitamini D ndio unaoleta MS?

Peke yake, hapana. Wako mamilioni ya watu wenye upungufu ambao hawatapata MS kamwe. Unaongeza hatari, ukishirikiana na mambo mengine: vinasaba (hasa kile kiitwacho HLA-DRB1*15:01), sigara, unene wa kupindukia katika ujana, na virusi vya Epstein-Barr.

Virusi hivyo vinatuhusu sisi wa ukanda huu. Viligunduliwa mwaka 1964 katika sampuli za uvimbe wa Burkitt, saratani ya taya inayowapata watoto, zilizotoka Uganda. Mwaka 2022 watafiti waliofuatilia wanajeshi zaidi ya milioni 10 wa Marekani walionyesha kwamba hatari ya MS hupanda mara 32 baada ya mtu kuambukizwa virusi hivyo. Huku kwetu karibu kila mtoto huambukizwa akiwa mdogo sana, wala mama yake hajui. Ulaya wengi huvipata ujanani, na hapo ndipo vinapoleta homa kali ya tezi, ambayo nayo inahusishwa na MS. Inawezekana sehemu ya tofauti kati yetu na wao iko hapo, si kwenye jua.

## Jua letu na chakula chetu

5. Tuko karibu kabisa na ikweta. MS inaweza kutupata?

Ndiyo. Jibu hili ndilo lililonifanya nianze kuandika.

Mwanza iko takriban digrii mbili na nusu kusini mwa ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Jua tunalo mwaka mzima. Na ni kweli kwamba MS inaonekana kwa uchache zaidi Afrika: makadirio ya kimataifa yanaweka wagonjwa chini ya 10 katika kila watu 100,000, wakati Ulaya ni zaidi ya 100. Duniani kote wanakadiriwa kuwa karibu milioni 2.9.

Lakini uchache ni kitu kimoja, na kutokuwepo ni kitu kingine. Idadi ya wagonjwa inategemea nani amepimwa, na MS haionekani kwa macho wala kwa kipimo kimoja cha damu. Inahitaji daktari anayeyajua magonjwa ya neva, kipimo cha MRI kinachopiga picha ya ubongo na uti wa mgongo, na mara nyingine maji ya uti wa mgongo. Wataalamu na mashine hizo ni vichache katika bara letu. Mgonjwa wa kijijini anayepona jicho, kisha miaka miwili baadaye akalegea mguu, ataandikwa kiharusi, au malaria iliyopanda kichwani, au ataambiwa ametupiwa kitu.

Sisi tulikutana na daktari, hospitali sitaitaja, aliyetuambia hivi: "Huo ni ugonjwa wa wazungu, kwenye jua hili haupo." Alisema kwa upole, na tulimwamini. Tulipoteza mwaka mzima na miezi kadhaa, na katika muda huo dada yangu alipata mashambulio mawili. Jua linapunguza uwezekano. Halimfutii mtu dalili alizonazo.

Kuna takwimu ninayowasomea wanaobisha. Huko kusini mwa California, ambako jua si haba, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwakuta Wamarekani weusi wakiwa na hatari ya kupata MS asilimia 47 zaidi ya wazungu, na tofauti hiyo ilitoka kwa wanawake. Rangi ya ngozi haimkingi mtu na MS.

6. Watu wa huku tuna vitamini D ya kutosha?

Wengi tunayo, na hili limepimwa. Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha ya asili: wastani ulikuwa nanomoli 115 kwa lita (namna ya kuisoma namba hii iko swali la 13), juu sana ukilinganisha na Ulaya. Mwaka uliofuata wakachapisha vipimo vingine vilivyojumuisha watu wa Sengerema, ng'ambo tu ya ghuba yetu, na wastani wa watu wazima ukawa karibu 107. Hapa Mwanza penyewe, katika utafiti wa kifua kikuu, watu wasio na ugonjwa huo waliopimwa kwa kulinganisha walikuwa na wastani wa karibu 84.

Wastani huficha mtu mmoja mmoja. Mvuvi wa Igombe na mhasibu wa katikati ya mji hawaishi chini ya jua moja, hata kama wamezaliwa tumbo moja. Anayetoka alfajiri, akashinda ofisini, akarudi magharibi, anaweza kupungukiwa hapahapa Mwanza. Hali kadhalika mgonjwa wa kitandani, mtoto anayefungiwa ndani, na mama anayejisitiri mwili wote na hana ua wa kukaa faraghani. Kukaa dirishani hakusaidii, kwa sababu kioo kinazuia karibu UVB yote.

7. Jua zuri ni la asubuhi, sivyo?

Ndivyo tulivyofundishwa na bibi zetu, na kwa kuepuka kuungua walikuwa sahihi. Kwa kutengeneza vitamini D, jua la mapema ni dhaifu mno, kwa sababu mionzi inapita angani kwa mshazari mrefu na UVB inachujwa. Tumia kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko urefu wako, UVB ipo ya kutosha. Kwa Mwanza hiyo ni takriban kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, maana jua la utosi kwetu hufika karibu saa saba kasoro.

Huna haja ya kujianika. Kutembea sokoni mikono na miguu ikiwa wazi, mara kadhaa kwa wiki, kunawatosha watu wazima wengi. Baada ya muda fulani ngozi yenyewe inaanza kuivunja vitamini iliyozidi, kwa hiyo kuongeza saa hakuongezi faida. Watu wenye ualbino wasifuate jibu hili, wasome swali la 15. Wagonjwa wa MS wanaozidiwa na joto wasome la 14.

8. Ngozi nyeusi inazuia vitamini D?

Inaichelewesha. Melanini inakula sehemu ya UVB kabla haijafika inakohitajika, kwa hiyo mtu mweusi anahitaji muda mrefu zaidi juani kuliko mweupe. Katika jua letu hilo si tatizo. Katika baridi ya Ulaya ni tatizo kubwa (swali la 18).

Kuna fumbo hapa. Katika ule utafiti wa wanajeshi, uhusiano wa vitamini D na MS ulionekana kwa wazungu tu. Utafiti mwingine wa California, wa mwaka 2018, ulikuta kwamba kupata jua kwingi maishani kulihusiana na hatari ndogo ya MS kwa weusi na kwa wazungu pia, wakati kiwango cha vitamini D katika damu kilihusiana na hatari hiyo kwa wazungu peke yao. Wapo wanaofikiri kwamba jua linatuliza kinga ya mwili kwa njia nyingine pia, na vitamini D ni alama mojawapo tu ya jua hilo. Mimi naliona ni wazo la kupewa uzito. Kama ni kweli, kidonge hakiwezi kuchukua nafasi yote ya jua.

9. Tunakula dagaa, sangara na sato kila siku. Hiyo si vitamini D tosha?

Samaki ni kati ya vyakula vichache vyenye vitamini D ya asili, na hukaa kwenye mafuta na ini. Kwa hiyo samaki mdogo anayeliwa mzima, na samaki mwenye mafuta mengi, wana nafasi nzuri kuliko mnofu mkavu. Kiini cha yai na maini vinaongeza kidogo. Ugali, mboga za majani na matunda havina.

Lakini chakula ni nyongeza tu. Kwa mtu wa kandokando ya Ziwa, ngozi inaleta zaidi kuliko sahani. Endelea na dagaa wako wa Kirumba Mwaloni kwa sababu ni chakula bora chenye protini na kalsiamu. Ukiambiwa na mtu kwamba supu ya samaki fulani inaondoa MS, usimpe hela yako.

## Vidonge na vipimo

10. Vidonge vya vitamini D vinatibu MS?

Haviponyi. Swali lenye utata ni kama vinapunguza mashambulio, na hapa matokeo yamekuwa yakivutana kamba.

Marekani, mwaka 2023, wagonjwa 172 waliokuwa wakitumia dawa ya glatirama waligawanywa: wengine IU 5,000 za vitamini D kwa siku, wengine IU 600 (IU ni kizio cha kupimia vitamini, soma swali la 12). Mashambulio hayakutofautiana. Australia na Nyuzilandi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, watu waliopata shambulio la kwanza tu walipewa IU 1,000, 5,000, 10,000 kwa siku au kidonge kitupu, kisicho na dawa ndani. Havikuzuia shambulio la pili wala makovu mapya.

Kisha mwaka 2025 Ufaransa ikaleta habari tofauti. Wagonjwa 316 wa shambulio la kwanza, ambao hawakuwa wameanza dawa nyingine ya MS, walipewa IU 100,000 kila wiki mbili au kidonge kitupu kwa miaka miwili. Walioonyesha dalili za ugonjwa kuendelea, ama kwa shambulio ama kwenye MRI, walikuwa asilimia 60 kwa vitamini D na asilimia 74 kwa kidonge kitupu. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilionekana kwenye picha za MRI. Ukihesabu mashambulio peke yake, tofauti haikuwa ya kutegemewa.

Ninavyousoma ushahidi huu: vitamini D inaweza kumsaidia kidogo mtu aliye mwanzoni kabisa, hasa aliyepungukiwa nayo. Aliye tayari kwenye dawa nzuri hana cha kutarajia kikubwa. Na kumbuka wengi katika tafiti hizi ni watu wa nchi zenye jua haba. Mtu wa Ukerewe mwenye kiwango cha 100 hana pengo la kuzibwa.

11. Basi nimwachishe dawa za hospitali, abaki na vitamini D na jua?

Hapana. Dawa za kurekebisha mwenendo wa MS zimethibitishwa kupunguza mashambulio, vitamini D haijafika huko. Najua dawa hizo ni ghali na kuzipata huku ni kazi, sisi tumehangaika nazo mno. Dawa zikiisha, mpigie daktari siku hiyohiyo mzungumze kuhusu njia mbadala. Usilizibe pengo kimyakimya kwa kopo la vidonge kutoka duka la dawa.

12. Vidonge vina madhara?

Kwa kiasi cha kawaida ni salama. Mtu mzima anahitaji takriban IU 600 kwa siku kutoka vyanzo vyote, na IU 800 akipita miaka 70. Kiwango cha juu ambacho mtu mzima anaweza kutumia bila uangalizi ni IU 4,000. Kopo likiandikwa kwa mikrogramu, zidisha kwa 40 upate IU: mikrogramu 25 ni IU 1,000.

Vitamini D hukaa kwenye mafuta ya mwili, haitoki na mkojo kirahisi kama vitamini C. Ikizidi kwa muda mrefu, kalsiamu hupanda kwenye damu: kiu isiyoisha, kukojoa sana, kichefuchefu, choo kigumu, kuchanganyikiwa, mawe kwenye figo, na figo zenyewe kuharibika. Hizo IU 100,000 za Ufaransa zilitolewa chini ya uangalizi na wagonjwa wakipimwa. Jua, kwa upande wake, haliwezi kukuletea vitamini D ya kupindukia, kwa sababu niliyoieleza katika swali la 7.

13. Nimepimwa vitamini D. Namba inasomwaje?

Kwanza angalia kizio. Maabara moja huandika nanomoli kwa lita, nyingine nanogramu kwa mililita, na nanogramu moja ni sawa na nanomoli 2.5. Mama mmoja alilia kliniki akidhani kiwango cha mwanawe kimeshuka kutoka 75 hadi 30, kumbe alikuwa amebadili maabara: 30 ya pili ni sawa na 75 ya kwanza. Kwa nanomoli, chini ya 30 ni upungufu mkubwa, 50 kwenda juu inatosha kwa mifupa ya watu wengi, na madaktari wengi wa MS wanapenda mgonjwa awe 75 au zaidi.

## Hali za pekee

14. Mgonjwa wetu tukimtoa juani anazidiwa. Jua linamharibu?

Joto ndilo linalomzidi. Neva iliyochubuka mayelini hufanya kazi vibaya zaidi mwili ukipata joto hata kidogo: jicho linarudisha ukungu, miguu inalegea. Daktari Wilhelm Uhthoff alilieleza hili mwaka 1890. Si shambulio jipya, na mwili ukipoa hali hurudi ilivyokuwa, kawaida ndani ya saa chache. Ikipita siku nzima bila kurudi, mpeleke hospitali.

Kwa hiyo msimwanike kama dagaa kwa jina la tiba. Mtoeni kwa dakika chache upepo wa Ziwa ukivuma, akiwa na maji ya baridi na kitambaa kibichi shingoni, kisha arudi kivulini. Ikishindikana kabisa, hapo kidonge kina maana, kwa dozi ya daktari.

15. Mwenye ualbino afanyeje?

Ajikinge na jua kama kawaida: kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, kivuli. Ngozi isiyo na melanini hutengeneza vitamini D haraka sana, na kiasi kidogo cha mwanga anachokipata licha ya kujikinga mara nyingi kinamtosha. Saratani ya ngozi inawaua watu wenye ualbino mapema katika kanda yetu. Asitokee mtu wa kuwashauri waote jua kwa sababu ya MS au ya ugonjwa mwingine wowote.

16. Natumia dawa za kifua kikuu, kifafa au ARV. Zinaingiliana?

Baadhi zinaharakisha kuvunjwa kwa vitamini D mwilini: rifampisini ya kifua kikuu, fenitoini, fenobabitoni na kabamazepini za kifafa, na efavirenzi katika ARV. Anayezitumia kwa muda mrefu amwambie daktari, kipimo kifanyike. Asiache dawa hizo.

17. Nina MS na nina ujauzito. Vitamini D itamkinga mwanangu?

Ufini, utafiti wa mwaka 2016 ulikuta kwamba akina mama waliokuwa chini ya nanomoli 30 mwanzoni mwa ujauzito walizaa watoto ambao hatari yao ya MS ukubwani ilikuwa karibu maradufu. Kaskazini mwa dunia hata mwezi wa kuzaliwa unaonyesha alama: wagonjwa waliozaliwa Mei ni wengi kidogo, wa Novemba wachache. Huku kwetu, ambako jua la mwezi mmoja halitofautiani sana na la mwingine, jambo la miezi halikuhusu. Hakikisha tu huna upungufu. Na jua kwamba mtoto wa mama mwenye MS, kwa uwezekano mkubwa sana, hataupata.

18. Mwanangu anakwenda kusoma Ulaya. Nimfungashie vidonge?

Kwa miezi ya baridi, ndiyo, hata kama hakuna MS katika ukoo. Ngozi nyeusi kwenye jua hafifu haitengenezi vya kutosha. Uingereza, mwaka 1990, ilionekana kwamba watoto waliozaliwa huko na wazazi kutoka Afrika, Karibi na bara Hindi walikuwa wakipata MS kwa kiwango cha kukaribia wenyeji, tofauti na wazazi wao waliokulia kwenye jua. Kwa mtu mzima, dozi ya kawaida ya swali la 12 inatosha.

## Je, ni MS kweli?

19. Miguu imelegea ghafla. Tuanze na vitamini D?

Anzeni na hospitali, tena haraka, hasa kama mkojo nao umegoma. Huku Ziwa kuna magonjwa yanayofanana na MS na yanayotibika, lakini yanaharibu kabisa yakicheleweshwa.

La kwanza ni kichocho. Tunakijua cha tumboni na cha mkojo, lakini mayai yake yanaweza kukwama karibu na uti wa mgongo na kuleta maumivu ya mgongo, miguu kufa na mkojo kuziba, ndani ya siku au wiki. Anayeoga, kuvua au kufua ziwani amwambie daktari hivyo bila kusubiri kuulizwa. Tiba ni prazikwanteli pamoja na dawa za steroidi. Kisha kuna kifua kikuu cha uti wa mgongo, kaswende, VVU, na upungufu wa vitamini B12. Na wazee wa Mara watakukumbusha konzo: katikati ya miaka ya 1980, wakati wa ukame, watu wa Tarime walilegea miguu ghafla baada ya kula mihogo michungu isiyolowekwa na kukaushwa vya kutosha. Konzo huja mara moja na hubaki vilevile. MS huja na kuondoka.

20. Kwanza walisema MS, sasa wanasema NMO. Tofauti ni nini?

NMO ni ugonjwa mwingine unaofanana na MS. Hushambulia zaidi neva za macho na uti wa mgongo, na mashambulio yake huwa makali zaidi. Kwa watu weusi inachukua nafasi kubwa kuliko kwa wazungu. Mwaka 2004 kiligunduliwa kingamwili kinachoitambulisha, kwa hiyo inapimwa kwenye damu. Tofauti hii ina uzito, maana baadhi ya dawa za MS, kama intaferoni beta, zinaweza kuizidisha NMO. Jicho na uti wa mgongo vikiguswa vyote, uliza kama kipimo hicho kimefanyika.

21. Dada yako mwenyewe anatumia vitamini D?

Anatumia. Alipopimwa alikuwa na nanomoli 41, mtu aliyezaliwa na kukulia Bwiru! Alikuwa anashinda ofisini, na tangu augue akawa anaogopa joto. Daktari wake alimwandikia IU 2,000 kwa siku, anakimeza baada ya chakula cha mchana kwa sababu kinanyonywa vizuri pamoja na mafuta. Baada ya miezi sita alifika 88. Dawa yake ya MS hajaiacha. Jioni anatembea hadi ukingo wa Ziwa na kurudi, si kwa ajili ya vitamini, maana saa hizo jua limeshalala. Anasema miguu inamsikiliza zaidi kukiwa na upepo.